Asilimia ya Nini? Ugumu wa Kuwahesabu Watumiaji wa Mifumo Endeshi Huria

Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha utoaji wa kawaida wa masasisho ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10, ambao kwa miaka kumi ulikuwa umetumika katika ofisi, shule, vyuo na nyumba duniani kote. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika siku hiyo. Ziliendelea kuwaka asubuhi na kuandika barua kama kawaida, lakini udhaifu wowote mpya utakaogundulika ndani yake utabaki bila tiba, isipokuwa kwa mwenye kompyuta aliyejiandikisha katika mpango wa muda wa nyongeza. Kwa wale ambao mashine zao hazikidhi masharti ya Windows 11, njia zilizobaki ni chache: kununua kompyuta mpya, kuendelea na ile ya zamani na hatari zake, au kuhamia kwenye mfumo endeshi huria kama vile Ubuntu, Linux Mint, Debian au Fedora.

Tangu wakati huo swali moja limekuwa likiulizwa mara kwa mara na waandishi wa habari, maofisa ununuzi na wataalamu wa TEHAMA. Ni watu wangapi waliochagua njia hiyo ya tatu? Majibu yanayotolewa ni mengi na yanatofautiana kiasi cha kushangaza. Wapo wanaosema watumiaji wa mifumo huria ni watu watatu katika kila mia, wapo wanaosema ni watano, na wapo wanaosema ni zaidi ya nusu ya wanadamu wote wanaotumia vifaa vya kidijitali. Kila mmoja wao ana takwimu ya kuonesha, na cha ajabu ni kwamba huenda hakuna hata mmoja anayesema uongo.

Suala hili lina uzito katika matumizi ya fedha za umma na za kaya. Mtengenezaji wa mashine za kuchapisha huamua kama atagharamia programu za kuiwezesha mashine yake kufanya kazi na Linux kwa kutazama idadi ya wateja anaodhani wapo. Chuo huamua kozi ya kufundisha kwa kutazama soko. Taasisi inayojadili kama ihamie mfumo huria au ilipe leseni kwa miaka mitano ijayo huwekewa mezani asilimia fulani iliyochukuliwa mtandaoni, nayo asilimia hiyo hutumika kama ushahidi kwamba mfumo huo una watumiaji wa kutosha au hauna. Namba ikiwa imepimwa vibaya, uamuzi wote unasimama juu ya msingi mbovu.

Chanzo cha ugumu kiko katika asili ya programu zenyewe. Mwaka 1991 Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitangaza kwamba anaandika kiini cha mfumo endeshi kwa ajili ya kompyuta za kawaida. Mwaka uliofuata alikiweka chini ya leseni ya GPL, iliyoasisiwa na Richard Stallman wa mradi wa GNU. Leseni hiyo inampa kila mtu ruhusa ya kuitumia programu, kuichunguza, kuibadilisha na kuigawa kwa wengine bila kuomba kibali na bila kutoa taarifa kwa yeyote. Mwalimu anaweza kuipakua mara moja, akaiweka kwenye flashi, kisha akaisimika katika kompyuta zote za maabara ya shule. Hakuna risiti iliyokatwa, hakuna namba ya usajili iliyotumwa makao makuu, wala makao makuu yenyewe hayapo.

Mfumo unaouzwa una ahueni kwa mhesabuji. Muuzaji ana daftari la mauzo, na nakala nyingi hulazimika kuthibitishwa kwa muuzaji kupitia mtandao. Hata hivyo, daftari hilo nalo lina kasoro yake. Kompyuta mpakato nyingi huuzwa zikiwa na Windows ndani yake, na mnunuzi anayeifuta siku hiyo hiyo na kuweka mfumo mwingine anabaki katika hesabu za mauzo kama mtumiaji wa Windows. Mtu mmoja anahesabiwa mahali ambapo hayupo, na mahali alipo hahesabiwi.

Wananchi wa Tanzania wana kipimo kizuri cha kulinganisha. Katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 karani alifika kwenye kaya, akauliza nani alilala hapo usiku wa kuamkia siku ya sensa, akaandika. Tafsiri ya "mtu" ilikuwa wazi, mipaka ya eneo la kuhesabia ilikuwa imechorwa, na sheria ilimtaka mwananchi atoe taarifa. Idadi iliyopatikana ilikuwa watu 61,741,120. Kwa upande mwingine, takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano zilionesha kwamba kufikia mwishoni mwa mwaka 2023 laini za simu zilizokuwa hewani zilivuka milioni 70. Hakuna msomaji makini aliyehitimisha kwamba kila Mtanzania, wakiwemo watoto wachanga, ana simu. Inafahamika kuwa mtu mmoja anaweza kuwa na laini mbili au tatu, na kwamba laini nyingine ziko ndani ya mashine za malipo au vifaa vya kufuatilia magari. Laini ni laini, na mtu ni mtu.

Tofauti hiyo, ambayo kwenye simu imezoeleka, ndiyo husahaulika kila inapotajwa asilimia ya watumiaji wa Linux. Kinachohesabiwa huwa ni kitu kingine, kisha matokeo yakaitwa "watu".

Jaribio la mwanzo la kuwahesabu watu wenyewe lilikuwa la hiari. Mwaka 1993 Harald Tveit Alvestrand, mtaalamu wa mitandao kutoka Norway, alianzisha daftari lililoitwa Linux Counter, ambamo mtumiaji alijiandikisha mwenyewe na kupewa namba yake. Wengi waliijivunia namba hiyo na kuiweka chini ya barua pepe zao. Daftari lilidumu chini ya usimamizi tofauti hadi lilipofungwa mwaka 2018. Udhaifu wake ulijulikana tangu mwanzo hata kwa waliolisimamia: waliojiandikisha ni wale waliokuwa na ari, na aliyeacha kuutumia mfumo hakuwa na sababu ya kurudi kujifuta. Kutokana na daftari la namna hiyo, idadi ya jumla ilibidi ikisiwe, na makisio yalitegemea dhana ya mkisiaji kuhusu wangapi hawakujiandikisha.

Njia nyingine inayopendwa ni kuhesabu mara ambazo mfumo umepakuliwa. Mfano wa karibuni ni wa Zorin OS, mfumo unaojengwa Ireland kwa kufanana na Windows ili mgeni asipotee. Toleo lake la 18 lilitoka siku ile ile ambayo Windows 10 ilifikia kikomo, na baada ya mwezi mmoja hivi watengenezaji wake walitangaza kuwa limepakuliwa mara milioni moja, huku zaidi ya robo tatu ya upakuaji huo ukitoka kwenye kompyuta zenye Windows. Vyombo kadhaa vya habari viliandika kana kwamba watu laki saba na zaidi wamehama. Tangazo lenyewe halikusema hivyo. Anayepakua kwa kutumia Windows anaweza kuwa anataka kuhama kweli, anaweza kuwa anataka kujaribu jioni moja, na anaweza kuwa alikatikiwa na mtandao akapakua mara ya pili. Wapo pia waliopakua faili moja na kulisimika katika mashine thelathini. Hivyo basi, namba ya upakuaji inaweza kuwa kubwa mno au ndogo mno kuliko ukweli, na haina alama yoyote ya kuonesha imekosea upande gani.

Takwimu inayonukuliwa zaidi duniani, na pengine ndiyo ambayo msomaji wa taarifa hii amewahi kukutana nayo, ni ya kampuni ya StatCounter. Kampuni hiyo ina kipande kidogo cha programu kilichowekwa katika tovuti zaidi ya milioni moja. Kila ukurasa wa tovuti hizo unapofunguliwa, kivinjari cha msomaji hujitambulisha kwa maneno machache yanayotaja mfumo endeshi anaotumia, na kipande hicho huyarekodi. Februari 2024 takwimu hizo zilionesha kwamba Linux imevuka asilimia 4 ya kompyuta za mezani na mpakato duniani kwa mara ya kwanza, na habari hiyo ilisambaa haraka.

Kinachohesabiwa hapo ni kurasa zilizofunguliwa. Ikiwa katika ofisi moja wapo watu wawili, mmoja akafungua kurasa tisini kwa siku na mwingine kumi, basi mfumo wa yule wa kwanza utapata asilimia 90 ya ofisi hiyo yenye watu wawili tu. Mhasibu anayeshinda kwenye jedwali lake bila kuingia mtandaoni hayumo kabisa katika hesabu. Mwenye kutumia programu ya kuzuia matangazo huenda naye hayumo, kwa sababu programu nyingi za aina hiyo huzuia pia vipande vya kuhesabia. Na kuna sababu ya kuamini kuwa watu waliojishughulisha kubadili mfumo endeshi ndio hao hao wanaojishughulisha kuweka vizuizi.

Katika orodha ile ile ya Februari 2024 kulikuwa na mambo mawili ambayo vichwa vya habari viliyaruka. Kwanza, lilikuwepo kundi la "isiyojulikana", na kundi hilo lilikuwa kubwa kuliko Linux yenyewe. Pili, mfumo wa ChromeOS unaotumika katika kompyuta za Chromebook uliorodheshwa peke yake ukiwa na takriban asilimia 2, ingawa nao umejengwa juu ya kiini cha Linux. Ukiuunganisha, Linux inapanda hadi kupita asilimia 6 bila mtu hata mmoja kubadili kompyuta yake. Ukiligawa lile kundi lisilojulikana kwa namna hii au ile, namba inapanda tena au inabaki ilipo. Uamuzi wa nani aingie kundi gani ni wa mpangaji wa jedwali, na ungekuwa tofauti kama jedwali lingepangwa na mtu mwingine.

Mfano wa India unaeleza zaidi. Katika baadhi ya miezi ya mwaka 2023 na 2024, takwimu hizo hizo zilionesha Linux ikizidi asilimia 14 ya kompyuta nchini humo, zaidi ya mara tatu ya wastani wa dunia. Sehemu ya maelezo inaweza kupatikana katika mambo yanayoonekana kwa macho: jimbo la Kerala, kwa mfano, limetumia mifumo huria katika shule zake za umma kwa zaidi ya muongo mmoja. Lakini takwimu za kurasa haziwezi kutofautisha kati ya mwanafunzi wa Kerala, mhandisi wa programu wa Bengaluru, na roboti ya kampuni fulani inayotembelea tovuti usiku kucha kutoka kwenye seva iliyoko Mumbai. Roboti nyingi za namna hiyo huendeshwa kwenye Linux. Wahesabuji hujitahidi kuziondoa, na wenye roboti nao hujitahidi zionekane kama watu.

Hata maneno ambayo kivinjari hujitambulisha nayo yameanza kupunguzwa. Watengenezaji wa vivinjari waligundua kwamba taarifa hizo zinatumika kuwafuatilia watu kutoka tovuti moja hadi nyingine, wakaanza kuzifupisha. Vivinjari vilivyojengwa kwa ajili ya faragha vinaweza kumficha kabisa mtumiaji wake. Kampuni ya Net Applications, ambayo ripoti zake za NetMarketShare zilihesabu wageni badala ya kurasa na kurekebisha matokeo kulingana na idadi ya watumiaji wa intaneti katika kila nchi, iliacha kuchapisha ripoti hizo mwaka 2020 kwa kueleza kuwa mabadiliko hayo ya vivinjari yangeharibu utaratibu wake wa kutambua vifaa. Ulikuwa ni uamuzi wa heshima. Mpimaji anayejua kipimo chake kimekatika na akakiweka chini anastahili kuaminiwa kuliko anayeendelea kutoa namba.

Eneo la michezo ya kompyuta lina mzani wake. Kampuni ya Valve, kupitia duka lake la Steam, huwaomba baadhi ya wateja kila mwezi waruhusu kompyuta zao kuchunguzwa, na mteja yuko huru kukataa. Oktoba 2025 uchunguzi huo ulionesha Linux ikivuka asilimia 3 kwa mara ya kwanza, jambo lililochangiwa na kifaa cha mkononi cha kampuni hiyo hiyo kiitwacho Steam Deck, ambacho kinaendeshwa na Linux. Ila rekodi za mwezi Machi 2023 zinafaa kukumbukwa kila namba hiyo inaposomwa. Mwezi huo Linux ilishuka kutoka karibu asilimia 1.3 hadi asilimia 0.84, kisha mwezi uliofuata ikarudi juu ya asilimia 1. Watumiaji hawakukimbia na kurejea ndani ya siku sitini. Kilichotokea ni kwamba sehemu ya waliojibu kwa Kichina ilipanda ghafla hadi kupita nusu ya wote, na kundi hilo hutumia Windows kwa wingi. Mzani uleule, mzigo uleule, ila aliyesimama juu yake alikuwa mwingine.

Wajenzi wa mifumo yenyewe wangeweza kudhaniwa kuwa na jibu bora kuliko wote, kwa kuwa kila kompyuta hurudi kwao kuchukua masasisho. Kwa miaka mingi mradi wa Fedora ulihesabu anwani za IP zilizofika kwenye seva zake. Njia hiyo inaweza kuwa na maana mahali ambapo kila kaya ina anwani yake. Kwa nchi za Afrika Mashariki, ambako watu wengi huingia mtandaoni kwa simu, inapotosha sana. Kampuni za simu huwa na anwani chache kuliko wateja, hivyo huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Na katika ofisi ndogo kompyuta kadhaa zinaweza kutegemea simu moja iliyowashwa kama kituo cha mtandao. Kwa upande wa pili, kompyuta mpakato moja inayotumia mtandao wa ofisi mchana, wa mgahawa jioni na wa simu usiku huonekana kama kompyuta tatu. Kosa la kwanza linapunguza na la pili linaongeza, wala si haki kudhani kwamba yanafutana. Mtumiaji wa Mwanza au Kigoma ana uwezekano mkubwa zaidi wa kufutwa katika hesabu hiyo kuliko mwenzake wa Stockholm, jambo ambalo haliandikwi popote chini ya jedwali.

Mwaka 2020, kuanzia toleo la 32, Fedora ilibadili utaratibu. Pendekezo la awali lilikuwa kuipa kila kompyuta namba ya kipekee, lakini wanajumuiya wake walipinga kwa hoja kwamba namba ya kudumu ni sawa na kumvisha mtu kengele shingoni. Suluhisho lililopatikana ni la busara: mara moja kwa wiki, kompyuta inapoomba orodha ya masasisho, huongeza alama ndogo inayosema iko katika kundi gani kati ya makundi manne ya umri, kuanzia iliyosimikwa wiki hii hadi iliyokaa zaidi ya miezi sita. Hakuna jina wala namba. Seva inajumlisha alama na kupata makisio ya mashine zilizokuwa hai wiki hiyo, na makundi ya umri yanasaidia kuzitenga zile zinazowashwa kwa majaribio ya saa chache na kufutwa. Kati ya njia zote zilizotajwa hapa, hii ndiyo inayokaribia zaidi hesabu ya kweli, nayo inahusu mfumo mmoja tu kati ya mamia. Haigusi kompyuta ambazo hazijaunganishwa mtandaoni, wala zile zinazochukua masasisho kutoka kwenye ghala la ndani la taasisi.

Debian inao utaratibu wa hiari tangu miaka ya mwisho ya tisini, na wasimamizi wake hawajawahi kudai kwamba waliojitolea wanawakilisha wote. Ubuntu ilianza mwaka 2018 kumuuliza mtumiaji mpya kama yuko tayari kutuma maelezo ya kompyuta yake, na takriban theluthi mbili walikubali. Theluthi iliyokataa ina haki yake.

Haki hiyo nchini Tanzania sasa ina sura ya kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu awe na kusudi halali na akusanye kwa kadiri ya kusudi hilo. Kompyuta inayotuma kila siku namba yake ya kipekee, mahali ilipo na programu zilizomo ndani yake ingetoa takwimu safi kabisa za matumizi. Ingekuwa pia imempeleleza mwenye nayo. Watu wengi waliochagua mifumo huria wameichagua kwa kuwa haiwafanyii hivyo, na kwa hiyo upungufu wa takwimu ni sehemu ya kile walichokifuata.

Linabaki swali ambalo kimantiki lilipaswa kuja mwanzo: nani hasa ni mtumiaji? Mfumo wa Android, unaoendesha simu janja nyingi zinazouzwa Kariakoo, Gikomba au Kampala, umejengwa juu ya kiini cha Linux, na mwaka 2021 Google ilitangaza kuwa vifaa vinavyoutumia vimefikia bilioni tatu. Simu za vitufe zenye mfumo wa KaiOS nazo zina kiini hicho hicho. Vilevile ving'amuzi vingi vya televisheni, vifaa vingi vya kusambaza intaneti majumbani, na sehemu kubwa ya seva zinazobeba tovuti duniani. Katika orodha ya kompyuta 500 zenye nguvu zaidi duniani, zote 500 zimekuwa zikiendeshwa na Linux tangu Novemba 2017. Mwananchi asiyewahi kulisikia neno Linux huenda ameligusa mara ishirini tangu asubuhi.

Wapo wanaopinga kumwita mwananchi huyo mtumiaji wa programu huria, na hoja yao ina nguvu. Kiini cha simu yake ni huria, lakini programu nyingi zilizowekwa juu yake na muuzaji si huria, na mara nyingi hana ruhusa ya kuzibadilisha. Uhuru uliokusudiwa na leseni haumfikii. Ndiyo maana makadirio yanaweza kuanzia watu watatu katika mia hadi zaidi ya nusu ya dunia: wa kwanza anahesabu waliochagua, wa pili anahesabu waliofikiwa. Taarifa isiyosema inahesabu kundi gani haistahili kuingia kwenye dokezo la ofisi.

Mahali ambapo hesabu inawezekana pasipo mabishano ni pale mwenye kompyuta ni mmoja. Jeshi la Gendarmerie la Ufaransa lilianza mwaka 2005 kuachana na programu za ofisini za kulipia, na kuanzia mwaka 2008 likahamishia kompyuta zake kwenye Ubuntu iliyorekebishwa kwa mahitaji yake, iitwayo GendBuntu. Kufikia mwaka 2024 ilikuwa kwenye kompyuta zaidi ya 100,000, sawa na takriban asilimia 97 ya kompyuta za jeshi hilo. Hakuna aliyehitaji kukisia, kwa kuwa kila mashine ina namba ya mali, ina mtu aliyekabidhiwa, na inasimamiwa kutoka sehemu moja.

Jiji la Munich nchini Ujerumani nalo lilijua namba zake vizuri. Lilipohitimisha mradi wake wa LiMux mwaka 2013, kompyuta takriban 14,800 kati ya 15,500 zilikuwa zimehamia mfumo huria. Miaka minne baadaye, Novemba 2017, baraza la jiji hilo hilo likaamua kurudi kwenye Windows. Hesabu sahihi haikuunusuru mradi, kwa sababu mjadala ulikuwa umehamia kwenye malalamiko ya watumishi, mpangilio wa idara za TEHAMA na siasa za jiji. Kwa sasa jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini mwa nchi hiyo hiyo, linatekeleza uamuzi wa mwaka 2024 wa kuhamisha kompyuta zipatazo 30,000 za watumishi wake, likianza na programu za ofisini kabla ya mfumo endeshi. Wafuatiliaji wa Munich wanautazama utekelezaji huo kwa karibu.

Tanzania ina kumbukumbu yake katika historia hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, seti ya programu za ofisini kwa lugha ya Kiswahili. Haukuwa mfumo endeshi, lakini ulifuata leseni ya aina hiyo hiyo na ukakutana na jambo lile lile: nakala zilitolewa bure, zikanakiliwa kutoka mkono hadi mkono, na kwa hiyo hakuna daftari linaloweza kuonesha ni karani, mwalimu au mwanafunzi yupi aliandika barua yake ya kwanza ya Kiswahili kwa kutumia programu iliyozungumza naye kwa Kiswahili. Istilahi zilizosanifiwa kwa ajili ya kazi kama hiyo ndizo zinazohesabika kirahisi kuliko watu waliozitumia.

Kwa taasisi ambayo leo ina chumba chenye kompyuta zilizonunuliwa kabla ya masharti ya Windows 11, asilimia 4 ya StatCounter na asilimia 3 ya Steam hazina la kuieleza. Taarifa inayoihusu iko kwenye daftari lake la mali: ni mashine ngapi, za mwaka gani, zina kumbukumbu kiasi gani, zinafanya kazi ipi, na ni ngapi kati ya kazi hizo zinafanyika ndani ya kivinjari, ambako mfumo endeshi hauleti tofauti kubwa. Ofisa TEHAMA mwenye kalamu na saa chache anaweza kulikamilisha jedwali hilo kabla ya mwisho wa wiki. Safu ya mwisho, ile ya programu maalumu ambazo hazina toleo la Linux, ndiyo huchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu inamlazimu kuketi na kila mtumishi na kumwuliza anafanya nini kwa siku nzima.